Kukuza video sawa, ila sura za watu muziache

Najua nimepotea, mambo ya test mnayajua wenyewe. Leo nina jambo moja linanikera na nitalisema.

Hapa mabwenini siku hizi kuna biashara inakwenda kweli kweli. Unampelekea mshkaji faili la video ya zamani, harusi ya wazazi, kipaimara, msiba wa babu, anaipitisha kwenye kompyuta usiku kucha, asubuhi unaambiwa tayari, imekuwa 4K. Watu wanafurahi, bumu linaondoka. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno "imekuwa", halafu uko kwenye ile tabia ya kufuta faili la kwanza eti nafasi imejaa.

Tupige hesabu kidogo, hata watu wa sheria mtaiweza. Zile video zilizojaa majumbani miaka ya 2000 nyingi zilikuwa VCD, na VCD ya mfumo wa PAL ina picha ya pikseli 352 kwa 288. Zidisha unapata 101,376. Sasa chukua skrini ya Full HD, 1920 kwa 1080. Picha ya umbo la TV za zamani ikijaa humo toka juu hadi chini inakuwa 1440 kwa 1080, yaani pikseli 1,555,200. Gawanya: ni kama 15 kwa 1. Kila nukta moja iliyotoka kwenye diski, 14 zimetiwa na kompyuta. Kwenye 4K ndio usiseme, moja ya kweli na 60 za kutiwa! DVD ina nafuu maana yenyewe ni 720 kwa 576, ila mchezo ni uleule.

Kwa hiyo kompyuta lazima ijaze, la sivyo ungeangalia harusi yenye ukubwa wa stempu. Swali ni inajazia nini.

Njia za zamani zinaangalia majirani. Bilinear inachukua nukta 4 za karibu na kupiga wastani, bicubic inachukua 16, Lanczos inatazama mbali zaidi, kingo zinakaa vizuri japo wakati mwingine unaona kama kivuli cheupe pembeni ya kitu. Hizi hazijui kama zinakuza uso wa mtu au ukuta. Pasipo na habari zinaacha ukungu. Na mimi ukungu huo nauheshimu, maana unaniambia hapa hapakurekodiwa kitu.

Njia mpya za akili mnemba, mfano Real-ESRGAN iliyotoka 2021 na ni ya bure, ni mambo mengine. Zimefundishwa kwa picha nyingi sana, zikikuta ukungu zinachora kile ambacho kwa kawaida huwa kipo. Kwenye katuni zinafanya kazi safi, mistari inanyooka. Kwenye majani au nywele nani atajua? Lakini hebu tazama kanga kwenye video ya namna hiyo. Yale maandishi ya chini yanageuka mikwaruzo inayofanana na herufi, ukisogea kusoma hakuna neno. Sasa jamani, kama imeshindwa kurudisha jina la kanga, uso wa bibi imeupata wapi?

Mwaka 2020 kulikuwa na programu inaitwa PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Watu waliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa mpaka vijiboksi, ikarudisha sura kali kabisa, safi, ya mzungu. Ilikuwa picha sio video, lakini kazi ni hiyohiyo: mashine inajaza kutokana na sura ilizozizoea. Na hizo sura zilizotumika kuifundisha hazikukusanywa kwa bibi yako.

Tena mahakamani wamelishtukia. Machi 2024 jaji wa King County, jimbo la Washington, alikataa video ya simu iliyokuzwa kwa akili mnemba isitumike kama ushahidi kwenye kesi ya mauaji. Yaani haitoshi kwa jaji, ila kwetu ndio tunaiweka kama kumbukumbu pekee ya marehemu.

Mtu ataniambia "lakini inapendeza". Ndiyo inapendeza! Filamu, mechi za zamani, kuzeni mpaka mchoke. Ila kwa kuangalia tu huna haja ya kutengeneza faili jipya zito la magiga kibao. Acha programu ikuze wakati inacheza. Mimi natumia mpv, ya bure, naandika hivi:

mpv --profile=high-quality --deinterlace=yes harusi.vob

Hiyo deinterlace ndiyo wengi wanaisahau. Video za DVD na za kanda mara nyingi zimerekodiwa kwa mistari ya kupokezana, mtu akicheza unaona vitu kama meno ya kitana pembeni ya mikono. Hayo yaondolewe kwanza, ndipo ukuze. Ukikuza kabla, akili mnemba inayaona meno kama sehemu ya shati na kuyachora vizuri zaidi. Wenye VLC bonyezeni herufi D, kwisha. Wenye kadi za Nvidia RTX, tangu 2023 zinaweza kukuza video za intaneti ndani ya Chrome na Edge, ila humu bwenini wangapi tunazo?

Faili la kwanza halizeeki. Miaka mitano ijayo kutakuwa na kifaa kizuri zaidi ya cha leo, na kitataka kuanzia kwenye zile pikseli 101,376 za kweli. Ukikipa ile "4K" yako, kitaanza kuremba juu ya marembo, na hakitajua kovu la shavuni lilikuwa kovu au kosa la mashine.

Kwa hiyo washkaji mnaofanya hii kazi, mteja akija na flashi mrudishieni mafaili mawili, lake na lenu, na lenu liandikweni jina kwamba limekuzwa. VCD nzima haifiki hata giga moja, nafasi msisingizie. Nawaacha, foleni ya chakula imeanza kupungua.