Penseli Kabla ya Mkasi

Pita mtaa wa Kiyembe, Kampala, siku yoyote ya kazi, pale vyerehani vilipopangwa bega kwa bega vibarazani na majora ya vitambaa yamesimamishwa hadi mlangoni, umwambie fundi kwamba ingemfaa ajifunze kuchora. Jibu utalipata kabla hajainua mguu kwenye kanyagio: kuchora ni kipaji, yeye Mungu alimjalia kushona. Mteja aliyeketi pembeni naye atamuunga mkono. Picha ya mshono si iko kwenye simu? Mchoro wa nini tena?

Rai hii imeenea Kampala nzima, na wanaoishika ni watu wenye busara zao. Hata hivyo naipinga, kwa sababu nimeona inavyowagharimu mafundi na wateja. Ninavyoamini mimi, kuchora mtu na vazi lake ni sehemu ya kazi ya kushona, na kunafundishika kama kunavyofundishika kutia kola. Fundi asiyechora hufanya majaribio yake juu ya kitambaa cha mwenzake.

Nianze na hoja ya simu, maana ndiyo inayosikika zaidi siku hizi. Miaka michache iliyopita nilimpelekea fundi mmoja wa katikati ya jiji kitenge cha yadi sita, nikamwonyesha picha ya gauni nililolitaka kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa ndoa, ya binamu yangu. Mwanamitindo wa kwenye picha alikuwa mrefu, mwembamba, amesimama kiupande, mkono kiunoni. Fundi akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Sawa, nnyabo." Akanipima, nikaondoka. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, nilikuta marinda yanaanzia nyongani, na mimi nilidhani yanaanzia kiunoni. Mgongoni palikuwa na zipu, na mimi nilikuwa nimewaza vifungo. Ua kubwa la kitenge, lile lililonifanya nikinunue, lilikuwa limekatwa nusu na mshono wa ubavuni.

Sikuweza kumlaumu. Picha ilikuwa imeficha mgongo, mkono wa mwanamitindo ulikuwa umekifunika kiuno, na kitambaa cha pale hakikuwa na maua. Tuliangalia picha moja, kila mtu akaona gauni lake. Lau angechukua kipande cha karatasi akanichorea gauni lile mbele na nyuma, hata kwa mistari ya kutetemeka, angelazimika kuniuliza. Penseli ikifika kiunoni ni lazima ijue marinda yanaanzia wapi. Huwezi kuchora mgongo bila kuamua unafungwa na nini. Huwezi kuliweka ua kifuani bila kugundua kwamba mshono utalipasua. Maswali yale matatu yangekula dakika kumi na karatasi ya daftari. Yalikula yadi sita.

Sasa nije kwenye kipaji. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayekuchorea mtu kwa mistari mitano ukadhani ni karama tupu, amekwisha kuchora mamia ambao hukuwaona. Tena hatua anazozipita zinaelezeka, na nyingi fundi anazijua tayari kwa majina mengine.

Hatua ya kwanza ni kipimo. Chora kichwa, yai dogo juu ya karatasi. Hilo ndilo futi yako. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba, au saba na nusu. Kidevu kiko mwisho wa kichwa cha kwanza, matiti karibu na mwisho wa cha pili, kitovu karibu na cha tatu, mapaja yanaanza karibu na cha nne. Fundi ambaye kutwa nzima hupima bega, kifua, kiuno na nyonga, kisha akaambiwa kwamba jambo hili ni la wenye vipaji, ameonewa. Hakuna anayelijua kuliko yeye.

Hatua ya pili ni uzito. Shusha mstari wima kutoka shimo la koo hadi sakafuni. Mtu akiegemea mguu mmoja, mguu uliobeba uzito huwa chini ya mstari huo, nyonga ya upande ule hupanda, na bega la upande ule ule hushuka kuilaki. Simama mbele ya kioo ujaribu. Ukishalielewa hilo, mtu wako wa karatasi ataacha kuonekana kama nguo iliyoanikwa, na utaelewa kwa nini sketi uliyoishona sawasawa huonekana imepinda mteja akisimama ovyo.

Hatua ya tatu ni kitambaa chenyewe. Mwanafunzi huchora mikunjo popote, kama nywele. Mchoraji anayejua hutafuta kwanza mahali nguo iliposhika: begani, kifuani, kiunoni, nyongani, kwenye kiwiko kilichokunjwa. Mikunjo huzaliwa hapo na kuelekea chini au kuelekea kituo kingine. Kitenge kipya ambacho bado kina wanga wake husimama mbali na mwili na kuvunjika kwa pembe. Kitambaa laini cha hariri huteleza kwa mistari mirefu na kukusanyika miguuni. Hizi ni kanuni, na kanuni hufundishwa.

Kampala ilikwisha kulipima jambo hili zamani. Mwaka 1937 Margaret Trowell, aliyekuwa amesomea shule ya sanaa ya Slade huko London, alianza kufundisha sanaa hapa, na kazi yake ndiyo iliyozaa shule ya sanaa ya Makerere inayobeba jina lake hadi leo. Aliogopa kwamba mbinu za Ulaya zingelifunika jicho la Mwafrika, kwa hiyo mara nyingi aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, akawaachia walichore walivyoliona moyoni. Cecil Todd, aliyempokea uongozi mwaka 1958, alielekea kwingine. Yeye alitilia mkazo historia ya sanaa, elimu ya rangi na maumbile ya mwili. Hadi leo wapo wanaobishana ni nani kati yao aliyekuwa sahihi. Lakini tazama jambo ambalo hawakutofautiana. Wote wawili waliamka asubuhi wakaingia darasani, kwa sababu waliamini kuchora kunafundishwa. Sam Ntiro aliyetoka Kilimanjaro alipita mikononi mwa Trowell, akawa mchoraji na mwalimu anayejulikana Afrika Mashariki nzima. Kama kipaji pekee kingetosha, asingekuwa na haja ya kutoka nyumbani.

Yupo atakayesema: hayo ni ya wachoraji wa picha, michoro ya mitindo ni ya kizungu, wasichana wembamba wenye miguu kama korongo. Hapa pana ukweli, na nitaugawa mara mbili. Ni kweli kwamba vitabu vingi vya ubunifu wa mavazi hufundisha mtu wa vichwa tisa, wakati mwingine kumi, na urefu wa ziada hutiwa zaidi miguuni. Hata Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, alipoandika juu ya mwili uliolingana, aliishia kwenye vichwa vinane. Umbo la vichwa tisa lina kazi yake kwenye jarida, ambako nguo inatafuta macho ya kuipenda. Kwenye meza ya kukatia linapotosha. Mteja akionyeshwa gauni la kufika nusu ya muundi juu ya miguu ile mirefu, atalipenda. Akilivaa yeye atashangaa limefupisha mwili wake wote.

Lakini kosa la umbo moja si kosa la kuchora. Dawa yake ni kumchora anayevaa kweli. Chukua gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda. Inasimuliwa kwamba vazi hili lilipata sura yake mwaka 1905, pale shule ya wasichana ya Gayaza, kwa mkono wa fundi Mgoa aitwaye Gomes, na jina lake ndilo lililobaki kwenye nguo. Kabla ya hapo wanawake walijifunga shuka la gome la mti, na baadaye la kitambaa, bila mshono. Kwa wasichana wa shule waliokuwa wakiinama shambani, shuka liliponyoka. Vazi la kufunga likapewa mabega, shingo ya mraba na vifungo viwili upande wa kushoto.

Sasa jaribu kulichora gomesi juu ya mtu wa vichwa tisa asiye na nyonga. Halikai. Ndani yake hufungwa kikoyi ili kitambaa kisigandame mwilini na nyonga zijae. Mshipi hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga hizo, ncha zake zikashuka mbele. Mabega huinuka kwa ncha kali kiasi kwamba kichwa huonekana kimewekwa katikati ya vilele viwili. Uzuri wote umejengwa juu ya upana, na mita zake sita zinataka mwili wa kuzibeba. Anayetaka kulichora lazima aanze na mama wa Kiganda aliyesimama mbele yake, vichwa saba na nusu, uzito wake umetulia. Niliposhika penseli kulichora kwa mara ya kwanza, niligundua kwamba nimelivaa miaka mingi bila kujua mshipi unapita wapi hasa. Nilikuwa nikiuweka kiunoni. Karatasi ilinikatalia, kwa sababu ukiuweka kiunoni ncha za mabega hupoteza kitu cha kulingana nacho huko chini.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: wapo mafundi wakubwa wasiochora kabisa. Nakubali. Wapo hapa Kampala wanaotandaza kitambaa, wakakizunguka, wakakata bila karatasi, na nguo ikakaa kama imemwagwa mwilini. Hata Paris, mbunifu wa mavazi Madeleine Vionnet alibuni magauni yake kwa kukunja kitambaa juu ya mwanasesere mdogo wa mbao. Lakini mtazame vizuri Vionnet. Alilifikiri gauni likiwa dogo kabla ya kulikata likiwa kubwa, na kosa lililotokea kwa mwanasesere lilikuwa na gharama ndogo. Mwanasesere yule ndiye aliyekuwa karatasi yake. Na fundi wetu anayekata kwa jicho hushika nini kabla ya mkasi? Chaki. Anapiga mstari wa bega, anapinda kwapani, anarudi nyuma kutazama. Ni mchoro huo, ila ameuchora juu ya mali ya mtu, mahali ambapo mstari ukikosewa mara mbili kitambaa huchafuka.

Tena fundi mzoefu anaweza kufanya hivyo baada ya miaka ishirini. Mwanagenzi aliyeketi kando yake hawezi. Mwalimu asiyechora humfundisha kwa kusema "tazama nifanyavyo", na ujuzi unabaki mkononi mwa mmoja. Mwenye daftari la michoro humwonyesha nguo tano ambazo hazijashonwa, akamweleza kwa nini ile ya tatu ingevuta kwapani.

Na wakati hautusubiri. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza marufuku ya mivumba, yaani mitumba, na wengi wakafurahi kwa ajili ya mafundi wetu. Mimi nasema fundi asikae kuingoja. Katika soko la St. Balikuddembe, ambalo wengi tunaendelea kuliita Owino, mteja hupata shati zuri kwa bei ambayo cherehani haiwezi kushindana nayo. Kitu kimoja asichokipata kwenye robota ni nguo iliyofikiriwa kwa ajili ya mwili wake na siku yake. Hicho ndicho fundi anachouza. Akikaa na mteja, akamchorea mishono miwili ya kuchagua, akasogeza marinda juu kwa kifutio mbele ya macho yake, mteja anajua analipia nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vibanda wanaolea wanagenzi ni dogo: nusu saa kila asubuhi, kabla ya umeme kuwaka au ukiwa umekatika, daftari na penseli. Wiki ya kwanza wachore vichwa na mistari ya uzito tu. Ya pili wachore watu walioketi kibarazani. Ya tatu wachore kitambaa kimoja kikiwa kimetundikwa kwenye msumari, asubuhi na jioni, mpaka wajue kila mkunjo unakotoka. Michoro ya kwanza itakuwa mibaya. Wasiichane, waiandike tarehe.

Binafsi ningali nalo gauni lile la kitenge. Nililifumua mshono wa ubavuni, nikalitandaza mezani, nikalichora upya kama nilivyolitaka, mbele na nyuma, ua zima likiwa kifuani. Mchoro nilimpelekea fundi yule yule pamoja na yadi sita nyingine. Aliushika muda mrefu, akaugeuza, kisha akaomba penseli. Chini ya mkono wa kushoto aliongeza kamstari kafupi ambako mimi sikukafikiria, akaniambia, "Hapa lazima pafunguke, la sivyo hutaweza kuinua mkono."