Folda Isiyokubali Kufutwa

Juma lililopita, katika ofisi moja hapa Kampala, nilimkuta karani akihangaika na folda ya orodha za zamani iliyomo katika kompyuta kuu inayotumiwa na wote. Kila alipojaribu kuifuta, alijibiwa kwamba inatumika. Haja yake ilikuwa ya haki, kwani sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yakataza kuziweka kupita muda unaohitajika.

Hata hivyo, kabla ya kutumia nguvu yafaa kupeleleza. Kwanza, waulize wenzako. Huenda mmoja wao amefungua faili iliyomo ndani. Pili, kumbuka umeme: ukikatika ghafla, kompyuta kuu yaweza kuendelea kudhani kwamba faili ingali wazi. Msimamizi wa mtandao aweza kuona nani ameifungua, kisha akaifunga. Tatu, tazama idhini yako. Pengine umeruhusiwa kusoma tu. Nne, katika Windows, anwani ya faili ikizidi herufi 260 huweza kuleta ukaidi. Fupisha majina ya folda za juu.

Zingatia pia kwamba kinachofutwa katika kompyuta kuu kwa kawaida hakipitii pipa la taka la kompyuta yako. Kikienda, kimekwenda.

Karani yule alipouliza, alikuta mwenzake wa chumba cha pili hajamaliza kunakili humo hesabu za pensheni za wazee. Ukaidi wa folda ile ndio uliowaokoa.