Mwalimu wa Randa na Msumeno

Wenzetu wakaao mijini aghalabu hudhani kwamba mwalimu ni yule ashikaye chaki tu. Leo twapenda kumnena mwingine, ashikaye randa, mwiko wa mwashi na jembe, katika shule za sekondari za shamba, wilaya za Kibaha na Kisarawe.

Wilaya hizi si ngeni kwa elimu. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama Kiungani, Unguja, kikaja Minaki mwaka 1925. Na mwaka 1963 mataifa ya Denmark, Finland, Norway na Sweden yalishirikiana na Serikali kuanzisha kituo cha Kibaha, kilichokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Mwalimu Nyerere naye alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Basi habari ya kazi za mikono si mpya. Lililo jipya ni kwamba tangu Januari 2024 mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kuufuata mkondo wa amali kuwa njia yake kamili ya masomo, wala si nyongeza ya alasiri.

Hapo ndipo mzigo umwangukiapo mwalimu. Historia yaweza kufundishwa kwa kitabu kimoja na ubao, useremala hauwezi. Mwanafunzi akikosea kukata, mbao imeharibika, na kukosea hana budi. Misumari hupungua, saruji huganda, sindano za cherehani hukatika. Vitu hivi si vya kununuliwa mara moja na kuandikwa daftarini. Hwisha kila juma kama unga wa jikoni. Fedha ikigawanywa kwa hesabu ya vichwa tu, mwalimu wa amali huonewa pasipo mtu kukusudia.

Tena iko Dar es Salaam, jirani wa wilaya zote mbili. Fundi umeme hodari hakosi kazi huko. Akae Mzenga au Maneromango kwa sababu gani, ikiwa hana nyumba wala zana? Sisi hatumlaumu aondokaye.

Lakini liko jambo lituhusulo. Ombi la vifaa, madai ya nauli ya likizo na barua ya kupandishwa cheo, vyote hupita mikononi mwa makarani. Jalada likilala mezani miezi mitatu, darasa nalo hukaa miezi mitatu bila mbao. Mwalimu hupanda pikipiki akaja kuuliza. Siku hiyo wanafunzi wake hawagusi mashine, na ni haki wasiziguse peke yao. Akiambiwa "njoo kesho", zimekuwa siku mbili.

Twaomba kila ombi la vifaa vya amali lijibiwe kwa barua, hata jibu likiwa hapana. Twaomba pia fungu la vitu vya kutumika na kwisha litengwe na fungu la zana, ili randa moja mpya isimeze mbao za mwaka mzima. Wanachama walio katika ofisi za halmashauri watuletee maoni yao kabla makadirio ya mwaka ujao hayajafungwa.