Mjomba Hakuwa Mzigo

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba taabu ya mtu mwingine huonekana nyepesi machoni pako. Lakini wako watu ambao jamii yetu imewageuza wao wenyewe kuwa mzigo, nao ni wale wenye ulemavu wa akili. Katika makala haya nataka kulipinga jambo hilo, na ushahidi wangu ni mjomba wangu aliyefariki mwaka jana akiwa na umri wa miaka 41.

Wakati wa matanga watu wengi walitupa pole. Baadhi yao, tena watu wazuri wenye huruma, walimwambia mama, "Mungu amekutua mzigo." Siku ya mazishi mambo yakawa yale yale. Desturi yetu ni kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliajiriwa na nani, ameacha watoto wangapi. Wa mjomba haukusomwa. Mzee aliyeongoza shughuli alisema ati hakuna mengi ya kusoma, jua ni kali, tuendelee. Mimi nasema yako mengi, na haya ni machache kati yake.

Mjomba alizaliwa Kibera, upande wa Makina. Nyanya alishikwa na uchungu siku mbili akiwa nyumbani, na mtoto alipotoka hakulia upesi. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo wake unaweza kudhurika. Hivyo ndivyo daktari alivyomweleza nyanya baadaye. Majirani walinong'ona kuwa karogwa, lakini hapakuwa na uchawi wala laana. Alipofikisha umri wa kwenda shule nyanya alimpeleka, akarudishwa siku ya pili. Nyanya aliambiwa pale si mahali pa watoto kama yule. Masomo ya mjomba yakaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kubeba maji. Wenzangu wa Kibera mnajua kwamba nyumba nyingi hazina mfereji, na watu hununua maji kwa mitungi ya lita 20. Mjomba aliwabebea akina mama wa ploti tatu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hakujua kuhesabu kwa mdomo, kwa hivyo alitembea na vizibo vya soda. Akishafikisha mtungi mmoja, anatoa kizibo mfuko wa kulia anatia wa kushoto. Jioni mama anahesabu vizibo, watu wanalipa. Sijasikia hata siku moja hesabu ile ikikosewa. Wako waliojaribu kumlipa kwa chai baridi kwa kudhani haelewi pesa. Alielewa sana. Akifika nyumbani alimwambia mama, "Yule, hapana," na kesho yake mtungi haufiki kwa huyo mpaka amuombe msamaha.

Jumapili alikwenda Kawangware kumsalimu mama mdogo, kwa miguu. Alitoka Makina akashika Ngong Road, akapita Dagoretti Corner, akaingia Naivasha Road mpaka Kawangware. Hakuweza kusoma kibao hata kimoja, na hakuuliza njia. Kule stejini makanga walizoea kumwita zuzu na fala. Yeye aliwajibu kwa kuwasalimia mmoja mmoja, "Habari ya nyumbani?" Wakimcheka anauliza, "Mnacheka nini? Niambieni na mimi nicheke."

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mitungi kumi na mitano kwa siku ni kilo 300. Mtu anayewabebea majirani kilo 300 kila siku, kisha majirani hao hao wamwite mzigo! Hapo nani amembeba nani?

Wako watakaosema mimi ni kijana tu, sijui taabu ya mama. Naijua. Mama alikataa kazi ya kulala kwa mwajiri kwa sababu ya mjomba. Kuna usiku mjomba alichelewa na sisi tukazunguka na tochi hadi saa sita. Hiyo ni taabu ya kweli na sitaki kuificha. Lakini uzito huo ulitokana na mama kuachwa peke yake. Kama shule ingempokea, kama kila jirani angemlipa haki yake, kama ndugu wangepokezana, mama angepumzika.

Tena tusidhani mambo haya ni ya maskini peke yao. Rais John F. Kennedy wa Marekani alikuwa na dada aliyeitwa Rosemary, naye alikuwa na ulemavu wa akili. Mnamo 1941 alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomharibu, hata kutembea na kusema kukawa shida, kisha akafichwa kwa miaka mingi. Familia ilikuwa na pesa na madaktari, lakini iliona haya. Mdogo wake, Eunice, ndiye aliyeamua kuvunja kimya. Mwaka wa 1962 aliandika habari za Rosemary gazetini, na mwaka wa 1968 michezo ya kwanza ya Special Olympics ikafanyika Chicago. Mambo yalianza kubadilika pale mtu wa nyumbani alipokubali kusema, "Huyu ni ndugu yangu."

Hapa kwetu sheria iko. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa njia isiyomdunisha. Lakini Katiba haiwezi kusimama stejini Kawangware kumkanya kanga. Hiyo ni kazi yako na yangu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, tuache kutumia majina ya watu hawa kama matusi darasani. Nasikia "taahira" kila mtu akikosea hesabu. Pili, tusichanganye ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Ugonjwa unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote na ukatibiwa. Ulemavu wa akili huanza utotoni, na dawa yake kubwa ni kufundishwa polepole na kuvumiliwa. Tatu, mkiwa na ndugu kama mjomba, msimfungie ndani wageni wakija. Mleteni sebuleni, mtajeni jina lake, asalimiwe kama wengine. Na siku yake ikifika, wasifu wake usomwe hadi mwisho, hata jua likiwa kali namna gani.