Kutolewa Plasta Si Kupona

Kwa wengi wetu tukaao mikoa ya bara, baiskeli si chombo cha mchezo. Ndiyo miguu ya mkulima aendaye mnadani, ya mchota maji mwenye madumu yake, na ya mwanafunzi akaaye mbali na shule. Hivyo basi, mtu avunjikapo mguu, swali la lini na kwa namna gani atapanda tena baiskeli si swali la wanamichezo peke yao. Ni swali la kazi, la chakula na, kama nitakavyoeleza, la elimu. Maoni yangu ni kwamba swali hilo tunalijibu vibaya, nyumbani na shuleni, ilhali sayansi tunayoifundisha kila siku darasani ingetosha kutuongoza. Tatizo ni kwamba tunaiacha ubaoni kengele ikilia.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka shuleni kwa baiskeli. Kwenye mteremko breki ilikatika, nikaangukia ukingo wa kalvati. Mifupa yote miwili iliyo chini ya goti la kulia ilivunjika. Nilifungwa plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole, nikakaa nayo majuma 10. Siku ilipokatwa, mganga aliitazama picha ya eksirei, akaniambia mfupa umeunga, akaniruhusu kuanza kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo. Nikaagwa kwa maneno haya: "Umepona, Mwalimu."

Nilipofika nyumbani nilichukua utepe wa fundi cherehani, nikapima mapaja yangu sentimita 10 juu ya kilegesambwa. La kushoto lilikuwa na mzunguko wa sentimita 47, la kulia sentimita 42. Goti lilikubali kukunjika nyuzi 40 tu. Huo ndio mguu ulioitwa mzima.

Washauri hawakukosekana. Shangazi yangu, kwa mapenzi yake, alinikataza kuukanyagia mguu mpaka masika yapite. Mwalimu mwenzangu alinicheka, akasema mwanamume hujikaza. Nami nilizifuata shauri zote mbili kwa zamu. Kwanza nilikaa kitini majuma matatu, kisha asubuhi moja nikajikaza, nikapanda baiskeli. Sikufika mbali. Kanyagio la kulia lilipopanda juu, goti lilikataa kukunjika, nikaanguka ubavu mbele ya wanafunzi wangu. Bahati njema mfupa haukuvunjika tena. Lakini niliona haya mara mbili: kwa kuanguka, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia na baiolojia, nami nilikuwa nimetenda kama mtu asiyejua hata moja kati ya hizo.

Tuutazame basi mwili unavyofanya kazi. Mfupa ukivunjika, damu huvuja na kuganda mahali palipovunjika. Katika majuma ya kwanza huota hapo tishu laini yenye gegedu, iziunganishayo ncha mbili. Baadaye tishu hiyo hugeuka kuwa mfupa mgumu lakini wenye umbo bovu, mithili ya ukuta uliojengwa kwa haraka. Kisha huanza kazi ndefu ya kuutengeneza upya, ambayo huchukua miezi mingi na pengine miaka. Seli za aina moja hubomoa, seli za aina nyingine hujenga. Na ramani ya ujenzi huo ni uzito wenyewe. Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kwa kufuata nguvu zinazoukandamiza. Panapobebeshwa mzigo huimarika, pasipobebeshwa hupungua. Wanaanga wanaoishi miezi mingi angani, ambako hawausikii uzito wao, hupoteza sehemu ya mifupa yao ya nyonga na miguu kila mwezi, hata kama hawakuumia popote.

Msuli nao haukai bila kazi ukabaki vile vile. Protini zake huvunjwa kila siku na kujengwa kila siku, na usipotumiwa, ujenzi hupungua. Hata moyo hushiriki. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, wataalamu waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya njema, wenye umri wa miaka ishirini hivi, kwa muda wa majuma matatu tu. Kipimo chao kikubwa kabisa cha kutumia oksijeni kilishuka, kwa wastani, kutoka lita 3.3 kwa dakika hadi lita 2.4, yaani zaidi ya robo. Walipofanyizwa mazoezi kwa majuma manane walirudi walipokuwa, na baadhi wakapita hapo. Ajabu zaidi ni kwamba watu wale wale walipimwa tena mwaka 1996. Ikaonekana kuwa miaka 30 ya maisha ilikuwa imewapunguzia nguvu kidogo kuliko yale majuma matatu ya kitanda. Hao hawakuwa wamevunjika popote. Basi mwenye kulala majuma 10 na jeraha juu yake atakuwaje?

Hapa ndipo ninapotofautiana na shangazi yangu. Pumziko ni dawa ya majuma ya kwanza. Likizidi kipimo hudhuru, kama dawa yoyote nyingine izidishwapo. Lakini natofautiana vile vile na yule aliyeniambia nijikaze, kwa kuwa mfupa na msuli haviamriwi kwa ushujaa. Hupewa mzigo mdogo, vikauzoea, vikaongezewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Thomas DeLorme katika hospitali ya jeshi huko Chicago aliwatibu askari walioumia magoti kwa njia hiyo hiyo. Aliwapa uzito wa kuinua, akauongeza kwa hesabu kadiri nguvu zilivyorudi. Alichapisha matokeo mwaka 1945, na tangu hapo kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua imekuwa nguzo ya tiba ya viungo.

Baiskeli inaifaa kanuni hiyo, kwa sababu tandiko hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na miguu huzunguka bila kugonga ardhi kama ya mkimbiaji. Lakini masharti yapo. Kwa kawaida goti lisipokunjika nyuzi 110 hivi, kanyagio haliwezi kupita juu kwa raha. Ukiinua tandiko kidogo, pembe inayohitajika hupungua. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuithibitisha pembe hiyo kwa kuchora pembetatu ya paja, muundi na umbali kutoka kwenye tandiko hadi kwenye kanyagio.

Tufanye pia hesabu ya njia. Chukua mtu na baiskeli yake wenye tungamo la kilo 90 kwa pamoja. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, msuguano na upepo huweza kumpinga kwa nguvu ya nyutoni 14 hivi. Zidisha kwa mwendo wa mita 4.2 kwa sekunde, utapata wati zipatazo 60. Sasa mwache apande kilima kinachoinuka mita 1 kwa kila mita 20. Hata akipunguza mwendo hadi kilomita 9 kwa saa, kuinua uzito ule peke yake kunadai nyutoni 45 mara mita 2.5 kwa sekunde, yaani wati 112, kabla ya kuhesabu msuguano na upepo. Kilima kidogo, ambacho mzima hakioni, kinampa mgonjwa kazi karibu mara mbili. Ndiyo maana anayepona hapaswi kuuliza "ni kilomita ngapi?" kabla ya kuuliza "kuna vilima vingapi?"

Baada ya aibu ile nilirudi hospitali, nikauliza maswali niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza, nikaanza upya kwa daftari na penseli. Kwanza niliketi ukingoni mwa meza nikiukunja na kuunyoosha mguu, mara kadhaa kwa siku, hadi goti lilipovuka nyuzi 90. Kisha niliisimamisha baiskeli yangu kwenye stendi yake, ile ya miguu miwili iinuayo gurudumu la nyuma juu ya ardhi, nikaishikiza ukutani isiyumbe. Nilianza kwa nusu duara, mbele na nyuma, mpaka siku goti lilipokubali duara zima. Juma la kwanza nilikanyaga dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni. Kila juma niliongeza dakika chache. Zilipofika 20, niliufunga mkono wa breki ya nyuma kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili gurudumu liwe zito kidogo, na kadiri nilivyouvuta ukanda ndivyo mzigo ulivyoongezeka. Kila Jumapili nilipima paja. Mwezi wa tatu nilitoka barabarani, kilomita moja ya tambarare, na vilima nikavipanda nikiisukuma baiskeli kwa mkono. Mwezi wa tano nilifika shuleni kwa baiskeli, kilomita 6, na paja lilikuwa limefikia sentimita 46. Hiyo sentimita moja iliyobaki sijaipata hadi leo, wala sijaihitaji.

Nayataja haya ili ionekane kwamba vifaa vyake ni utepe, daftari, stendi na kipande cha tyubu. Sidai kuwa kila mguu ufuate ratiba ya wangu. Ni mganga aliyeiona picha ya mfupa ndiye awezaye kusema ni lini ubebe uzito. Na zipo dalili za kusimama mara moja: maumivu yanayoongezeka siku baada ya siku badala ya kupungua, mguu kupinda, homa, au kidonda kutoa usaha. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa kifua nacho kikibana, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani huenda damu imeganda mishipani.

Vijana hupenda kusikia habari za mashujaa. Mmarekani Greg LeMond alipigwa risasi za marisau kwa bahati mbaya akiwa mawindoni mwezi wa Aprili mwaka 1987, nusura afe. Mwaka 1989 alishinda mashindano ya kuzunguka Ufaransa kwa tofauti ya sekunde 8 tu. Habari hiyo ni ya kweli, nayo inatia moyo. Lakini isimuliwe pamoja na ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza mbio zake huko huko Kenya. Yeye alishinda mashindano hayo hayo mara nne. Mwezi wa Juni mwaka 2019 aligonga ukuta alipokuwa akikagua njia ya mashindano, akavunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Alikuwa na madaktari, mashine na wasaidizi ambao sisi huwaona kwenye picha tu. Mwezi wa Februari mwaka 2020 alirudi mashindanoni, lakini hakurudi kuwa bingwa wa kuzunguka Ufaransa. Je, alishindwa? Nasema la hasha. Mtu aliyevunjika vile akaweza tena kuendesha baiskeli maelfu ya kilomita amepona. Kumpima kwa kikombe alichokiinua zamani ni kukosea kipimo.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2018 mwanafunzi wetu mmoja wa kidato cha pili alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika paja. Alikaa nje ya shule muhula mzima. Aliporudi alitembea kwa kuchechemea, na kwao ni kilomita 9. Baiskeli ilikuwapo, ila hakuweza kuikanyaga, wala hakuna aliyemwonyesha namna ya kuanza. Alichelewa kila siku, na kila siku alisimamishwa mstarini pamoja na wachelewaji wengine. Siku moja hakuja, wala hakuja tena. Daftari langu la dakika na sentimita lilikuwa kabatini, hatua ishirini kutoka kwenye dawati lake, nami sikulitoa. Nilidhani hayo ni mambo ya hospitali. Miaka miwili baadaye nilikutana naye njiani akiendesha baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Aliniamkia kwa heshima, akapita. Mguu wake ulikuwa na nguvu kuliko wangu.

Watakuwapo wa kuniambia kwamba mwalimu si mganga. Ni kweli, na hospitali zetu zingekuwa na wataalamu wa kutosha wa tiba ya viungo nisingeandika haya. Lakini maadamu ni wachache, na mgonjwa huwaona kwa dakika chache, maelekezo yao yanahitaji mtu wa kuyafuatilia nyumbani na shuleni. Kazi hiyo si ya kutibu, ni ya kupima na kuandika, na hakuna anayeijua vizuri kuliko mwalimu wa sayansi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi anayerudi baada ya kuvunjika aje na maandishi ya mganga yanayosema anaruhusiwa kufanya nini, nayo yasomwe na mwalimu wa zamu pamoja na mwalimu wa michezo. Pili, mwanafunzi huyo asihesabiwe mchelewaji kwa muda uliokubaliwa, na ikiwezekana apatiwe mahali pa kulala karibu na shule. Tatu, darasa lake lifanye mradi wa majuma 12 wa kupima, kwa idhini yake, mzunguko wa paja, pembe ya goti, mapigo ya moyo na dakika za kukanyaga baiskeli iliyo kwenye stendi, na kuchora grafu yake. Sidhani kuna somo la msuli, mfupa au nguvu litakaloeleweka vizuri kuliko hilo.

Kwa upande wangu, daftari limetoka kabatini. Sasa linaning'inia kwa uzi ukutani mwa maabara yetu, na utepe wa kupimia umefungwa juu yake, ili atakayevunjika asilazimike kuuliza liko wapi.