Kinasa Sauti Kiwe Mikononi mwa Wenye Wimbo

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji maarufu wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis na kunasa nyimbo za huko. Wimbo mmoja kati ya hizo, Chemirocha, uliimbwa na wasichana. Jina lake lilitokana na Jimmie Rodgers, mwanamuziki Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi vijijini. Sauti za wasichana hao zilipelekwa Afrika Kusini, zikaja kuhifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Ng'ambo wimbo huo ukapata wapenzi. Watu wa Kapkatet walisubiri zaidi ya miaka 60 hadi maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipowarudishia nakala.

Tracey anastahili shukrani, maana bila yeye pengine kusingekuwa na cha kurudisha. Hata hivyo, utaratibu ule ungali nasi: mtaalamu anakuja na mitambo yake, anarekodi, anaondoka, na mwenye wimbo anabaki akitazama vumbi la gari.

Laikipia ilijaribu njia tofauti. Mwaka 2008 Wamaasai wawili wa eneo hilo, pamoja na mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walikwenda Marekani kwa mwaliko wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia haki miliki. Walifunzwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani na Chuo Kikuu cha Duke namna ya kurekodi, kupiga picha na kupanga kumbukumbu, na pia jinsi ya kulinda haki za jamii juu ya kile kinachorekodiwa. Mwaka uliofuata, jamii yao ya Il Ngwesi ilikabidhiwa kamera, vifaa vya kunasia sauti na kompyuta.

Faida ya mpango wa aina hii huonekana kazi inapoanza. Mgeni akihudhuria Eunoto, sherehe ambamo morani hunyolewa nywele zao ndefu, atarudi kwao na picha nzuri sana. Kijana wa pale atauliza ni rika gani linalovuka, wimbo huu huimbwa wakati gani, na kwa nini mama ndiye anayeshika wembe. Atauliza kwa Kimaa, na mzee atamjibu kama anavyomjibu mtoto wa nyumbani.

Usiku kuna kazi nyingine isiyopigiwa makofi. Sauti zitolewe kwenye memori kadi, kila faili lipewe jina lenye tarehe, mahali na msemaji, maneno yaandikwe, ruhusa ya mzee iambatishwe, kisha nakala ziwekwe kwenye diski mbili au tatu, moja ikae mbali na nyingine ili moto au wizi usimalize zote. Faili linaloitwa REC0047 halimsaidii mjukuu yeyote. Hapo ndipo hazina nyingi hupotea, hata pale zilipokwisha kurekodiwa.

Kuna pia suala la nani asikie nini. Waaborijini wa jamii ya Warumungu, huko Tennant Creek nchini Australia, walishiriki kuunda programu ya Mukurtu, inayomwezesha mwenye kumbukumbu kuamua kipi ni cha wote, kipi ni cha ukoo na kipi ni cha wanawake au wanaume peke yao. Programu hiyo ni ya bure, na sasa inatumiwa na jamii nyingine nyingi duniani. Maamuzi kama hayo hayawezi kufanywa na mtu aliyefika jana.

Haja ni ya haraka. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa upesi. Mila zinazohusiana na kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zimo katika orodha hiyo tangu 2009.

Lakini ufadhili una mwisho. Kompyuta huzeeka, diski hufa, na kijana aliyefunzwa vizuri huenda mjini kutafuta mshahara. Kenya ina jibu katika sheria yake: Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Sanaa za Jadi ya 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili, kurekodi na kuhifadhi maarifa ya jamii zao. Kaunti inayojenga ukumbi wa utamaduni bila kuajiri hata mtunza kumbukumbu mmoja haijatimiza sheria hiyo. Inachotakiwa kulipia kinajulikana: mishahara ya vijana wachache wanaojua lugha ya wazee wao, umeme wa uhakika, diski mpya kila baada ya miaka michache, na mafunzo yanayorudiwa.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla hayajapitishwa. Wazee wa kaya, viongozi wa marika na walimu wa lugha za mama wafike kwenye vikao hivyo, wamwulize mwakilishi wa wadi yao swali moja: fungu la kuhifadhi urithi wetu ni shilingi ngapi, na ni kijana gani wa hapa ataajiriwa kwalo?