Simu Ililia, Virusi Havikuwamo



Wiki hii nasimulia jambo lililoingia nyumbani kwa shemeji yangu huko Mbagala, naye ameniridhia nilisimulie. Ni fundi cherehani, na kina mama wenzake wa kikundi wamemkabidhi amana ya kuwatunzia fedha zao. Alasiri moja mjukuu wake alikuwa akitazama katuni katika simu yake. Ghafla kioo kikawa chekundu, simu ikatetemeka na kulia, yakatokea maandishi kwamba Tecno hii imeingiliwa na virusi kumi na tatu, na kwamba kila kilichomo kitapotea baada ya dakika mbili. Sekunde zikaanza kuhesabiwa.

Bibi akampokonya mtoto simu, akabonyeza palipoandikwa "Safisha". Akaombwa namba yake ya simu, akaiandika. Kioo kikatulia. Kesho yake akapigiwa na kijana mwenye adabu nyingi, aliyejitambulisha kuwa ni mhudumu wa mtandao: "Mama, vile virusi vya jana vimefika kwenye akaunti yako." Akamwelekeza ahamishie fedha kwenye namba "salama" mpaka usafishaji ukamilike. Zikaenda shilingi 180,000, fedha za watu.

"Sasa shemeji, wamejuaje kuwa simu yangu ni Tecno?" Hilo ndilo aliloniuliza, na hapo ndipo wengi wetu tunaponasa. Kila ukurasa wa intaneti unaoufungua huarifiwa mambo kadhaa kuhusu chombo chako, mara nyingi pamoja na aina yake, ili ujipange vizuri katika kioo. Huweza pia kukisia mji uliopo, kutetemesha simu na kupiga kelele. Lakini hauna uwezo wa kuingia ndani ya simu ukatafuta virusi. Kwa hiyo ukurasa unaokuambia kwamba umeviona unasema uongo, hata ukitaja simu yako kwa jina. Kule kuhesabu sekunde ni kwa ajili yako wewe, usipate nafasi ya kumwita mtu. Suratul-Hujurat, katika aya ya 6, imetuamuru kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi. Na onyo la namna hii nalo ni habari, tena mletaji wake hajulikani.

Hila hii si ngeni. Ilianza kwenye kompyuta, na mwaka 2012 mahakama ya Marekani iliamuru zilipwe zaidi ya dola milioni 163 katika kesi ya watu waliouza dawa za virusi visivyokuwapo. Vijana wetu wenye kompyuta za chuo huletewa onyo lenye jina la Microsoft na namba ya kupiga. Microsoft yenyewe imekwisha kueleza kwamba maonyo yake ya kweli hayaweki namba ya simu.

Ukikutana nalo, usibonyeze chochote ndani yake, hata alama ya kufunga, kwani nayo huenda ni mchoro tu. Toka nje kabisa, funga programu uliyokuwa ukiperuzia. Ikigoma, zima simu. Ikiwa maonyo yanarudi kila siku, huenda mtoto alibonyeza "Ruhusu" mahali fulani. Ingia kwenye mipangilio, uzime arifa za tovuti hiyo. Na kama ulikwisha kupakua "kisafishaji" chao, kiondoe, kisha weka laini kwenye simu ya kitochi na ubadilishe namba ya siri hukohuko. Huduma kwa wateja ya mitandao yetu ni namba 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida na kutaka uhamishe fedha, mkatie. Namba yake iripoti TCRA kupitia 15040.

Lakini linaloniuma zaidi ni zile siku nne ambazo shemeji alinyamaza. Alijua jioni ileile kwamba ametapeliwa. Aliogopa wanawe, ambao kila akikosea simu humcheka kuwa ni mshamba, na akaogopa kuitwa mla amana. Akauza madera mawili kwa bei ya hasara akitaka kulijaza pengo kimyakimya. Kama angepiga 100 saa ileile, huenda fedha zingezuiwa kabla hazijatolewa. Alipokuja kusema, zilikuwa zimekwisha kutolewa. Enyi vijana, kicheko chenu ndicho kilichomfunga mdomo mama yenu.

Ijumaa iliyopita niliketi naye barazani, kina mama wa kikundi wakiwa wamekusanyika, akawaeleza yote. Walikubali alipe kidogo kidogo. Kisha mmoja wao, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba yeye naye alipigiwa na kijana wa namna hiyo mwezi wa Shaaban, akatuma 40,000, na mpaka leo mumewe hajui.